Cherehani Juu ya Usangu

Tulitoka Kiwira saa tisa za usiku.
Isyonje ukungu ulikuwa umelala barabarani kama ng'ombe,
hausikii honi.
Mama alivaa sweta mbili na kitenge cha misibani,
"maana angani," alisema, "ni juu kuliko Isyonje,
na Isyonje yenyewe ndiyo hii."

Mfukoni nilikuwa na kadi ya Bupe, dada yangu muuguzi,
maandishi ya kijani, nyuma ya tarehe za kliniki:
anywe maji hata kama hana kiu,
dawa za presha zisiende na begi la chini.
Hilo la dawa kalipigia mistari miwili.
Mama alizifunga kwenye pindo la kitenge,
fundo ambalo hata wakaguzi wa Songwe
walilitazama, wakaliacha.

Tukaambiwa tusubiri. Ndege iko juu, inazunguka, haioni uwanja.
"Kama mimi," akasema.
"Inajua tundu la sindano lipo. Lilipo ndiyo kazi."
Ana watoto wa jicho wawili, mapacha,
na presha inayopanda bila nauli.

Maji aliyakataa. Choo cha ndege alikiogopa,
jirani alimwambia kinavuta.
Nikatoa kadi. Akanywa mafunda matatu:
moja la Bupe, moja langu,
moja la kumaliza maneno.

Tulipoinuka, masikio yakaziba.
Nikampa karanga, akatafuna upande wenye meno,
akameza, akasikiliza,
akatikisa kichwa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma.

Dirishani weupe mtupu.
Mama, mawingu, nikamwambia.
Akasogea mpaka pua ikagusa kioo.
"Haya?" Akacheka. "Haya ninayo nyumbani mwaka wa tatu."

Sasa miguu, nikasema. Izungushe, damu isilale.
"Kwenye ule msiba wa Morogoro nilikaa ndani ya basi kutwa nzima,
miguu ikavimba kama viazi vya mbegu.
Hakuna aliyeniandikia kadi."
Lakini akavua viatu,
akapanga nyayo sakafuni,
kisigino, vidole, kisigino, vidole,
na mimi nikaujua ule mwendo kabla sijaukumbuka:
cherehani ya barazani,
iliyotulaza mimi na Bupe kila usiku kwa mlio wake,
sare za bluu, majoho ya kwaya,
sanda ya baba, aliyoishona bila kuinua uso.

Alikuwa anashona.
Mawingu yakachanika kidogo, chini ikatokea Usangu,
majaruba ya mpunga kama vipande vilivyokatwa
vikingoja kuunganishwa.
Sikumwambia. Alikuwa na kazi.

Nyuma yetu mtoto mchanga akapiga ukelele.
Mama yake, binti mdogo, akamtikisa,
akamwonyesha simu, akamwomba, akamwomba.
Mama yangu hakugeuka. Alikiambia kiti cha mbele:
"Mnyonyeshe. Si njaa hiyo, ni masikio.
Akimeza, yatafunguka."
Kikaja kilio kifupi. Kikaja kikwikwi.
Kisha tukasikia injini tu.
"Ndaga, mama," binti akanong'ona,
kumbe naye ni wa kwetu.

Hilo halikuwamo kwenye kadi.

Dar ilitugusa kwa mkono wa moto hata mlango haujafunguliwa vizuri.
Nikapiga magoti kati ya viti, watu wakinipita na mabegi,
nimvishe viatu;
na hofu yangu yote, tangu Kiwira,
ilikuwa pale, kwenye vifundo viwili vya miguu.

Viatu viliingia bila kusukumwa.

"Mwambie Bupe," akasema, akivua sweta ya kwanza,
"hospitali wakinikalisha kwenye benchi,
najua la kufanya."
Na mguu wa kulia, ndani ya kiatu,
ulikuwa bado unakanyaga, polepole,
kama pindo halijaisha.